Msonge katika Mji wa Viwanja: Mtindo wa Jadi, Madaraja ya Makazi na Haki ya Ardhi Mjini Juba

Utangulizi

Katika ujenzi mpya wa miji ya Afrika Mashariki, mtindo wa jadi aghalabu hurejea kama pambo la paa, lango au ukuta. Makala haya yanalichunguza suala hilo mjini Juba, hususani bandarini na ukingoni mwa Nile. Hoja yake ni kwamba historia ya mtindo wa jadi mjini humo ni historia ya ardhi kabla ya kuwa historia ya usanifu.

Gati na vifaa vya ujenzi

Juba ulikua kuelekea mwaka 1930, pale utawala wa pamoja wa Uingereza na Misri ulipohamishia huko makao ya Jimbo la Mongalla. Kusini mwa hapo maporomoko huzuia vyombo vikubwa. Hivyo meli za mvuke kutoka Kosti ziliishia Juba. Biashara ya mto ilisaidia kuzaa mtaa wa maduka ya wafanyabiashara Wagiriki, yaliyojengwa kwa vifaa vya kudumu. Wabari, wenyeji wa eneo hilo, waliendelea kujenga msonge, ambao kwa Kiarabu cha Juba huitwa tukul: kuta za fito na udongo, paa la nyasi. Msonge mmoja haukuwa nyumba kamili. Makazi yalikuwa ua wenye misonge kadhaa, ulioongezeka kadiri familia ilivyokua.

Daraja la kiwanja

Utaratibu wa viwanja uliorithiwa kutoka enzi za ukoloni uliyapanga makazi kwa madaraja. Daraja la juu lilipewa kiwanja kikubwa na muda mrefu wa pango la ardhi kwa sharti la kujenga kwa vifaa vya kudumu. Daraja la chini liliruhusiwa udongo na nyasi, lakini kwa kiwanja kidogo na muda mfupi. Hali haikuwa ya Juba pekee. Kanuni za ujenzi za Wajerumani za mwaka 1914 ziliigawa Dar es Salaam kwa aina ya majengo, na mgawanyo huo ukachangia kuzaa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Pote pawili, kifaa cha ujenzi kilifanya kazi ya kumtambulisha mkaaji. Aliyejenga kama babu yake alijipunguzia haki yake mjini.

Kifaru na paa la hoteli

Mkataba wa Amani wa mwaka 2005 uliufanya Juba makao ya serikali ya kusini. Ukingoni mwa mto zikachipuka hoteli za makontena na mahema, na baadhi zikaweka mabanda ya nyasi kwa wageni. Agosti 2010 serikali ilitangaza mpango wa kuujenga upya mji kwa umbo la kifaru, kwa makadirio ya dola bilioni 10, kiasi kilichozidi kwa mbali bajeti yake ya mwaka. Mpango huo haukutekelezwa. Septemba 2011 baraza la mawaziri liliamua kuhamishia makao makuu Ramciel. Utambulisho ulitafutwa katika ramani inayoonekana kutoka angani, si katika ua wa familia.

Wakati huo huo, mwaka 2011 na 2012, matishari yaliwashusha bandarini Juba watu waliorejea kutoka kaskazini. Wengi walisubiri hapo kwa muda wakiwa na mizigo yao, wakijisitiri kwa miti na maturubai. Swali lao halikuwa mtindo, bali kiwanja.

Hitimisho

Sheria ya Ardhi ya mwaka 2009 iliipa haki ya kimila ya ardhi nguvu sawa na umiliki mwingine wa kisheria. Hata hivyo, kuitambua ardhi ya kimila huku nyumba ya kimila ikibaki alama ya daraja la chini ni kutoa kwa mkono mmoja na kupokonya kwa mwingine. Ni kweli kwamba nyasi hushika moto upesi, na misonge iliyobanana ni hatari. Lakini hatari hiyo hupimwa kwa nafasi kati ya nyumba, njia za maji na usafi, wala haihitaji kufungamanishwa na muda wa pango. Wapangaji wa mitaa mipya wanaotaka kuienzi jadi wana mahali pa kuanzia: kiwanja kinachotosha ua, na hati isiyomwadhibu mtu kwa udongo wa kuta zake. Bila hayo, paa la nyasi litabaki heshima kwa mgeni hotelini na kasoro kwa mwenyeji nyumbani kwake.