Kidonda cha Kamilo

Hospitali ya misheni pale Tabaka, Kisii nchini Kenya, kwenye vilima vya mawe ya sabuni, ina jina la mtu ambaye hakupona. Kamilo wa Lellis, Mwitaliano aliyezaliwa mwaka 1550, alipata kidonda mguuni akiwa askari. Alitibiwa Roma, kikafunga. Akajiunga na watawa Wakapuchini, kikafumuka, wakamwachisha. Kikafunga, akarudi kwao, kikafumuka tena. Mwishowe akaanzisha shirika lake la kuhudumia wagonjwa, na kidonda akafa nacho mwaka 1614.

Mgonjwa wa saratani aliyemaliza dawa angemwelewa. Picha ni safi, lakini daktari anaandika tarehe kwenye kadi. Nyumbani anaulizwa, "Mama, daktari amesema umepona?" Anajibu, "Amesema nirudi Machi."

Hiyo Machi ndiyo inayowashinda watu. Wagusii wa zamani, wenyeji wa huku Tabaka, hawakuiacha hofu hiyo ikae. Walikwenda kwa omoragori, mpiga ramli, naye akatafuta ni mhenga yupi amekasirika, akaagiza kafara. Robert na Barbara LeVine, waliofanya utafiti Gusii miaka ya 1950, waliyaandika haya kwa kirefu. Mnyama alipochinjwa, shauri lilikwisha. Ugonjwa uliporudi, watu walitafuta mpiga ramli mwingine na chanzo kingine. Hofu iligeuzwa kazi ya mikono, na familia ikapata la kufanya. Ubaya wake ni kwamba mara nyingine chanzo kilikuwa jirani au mke mwenza, aliyeitwa mchawi.

Kisha yakaja makanisa: Wakatoliki Nyabururu mwaka 1911, Waadventista Nyanchwa mwaka uliofuata. Siku hizi kuna ushuhuda. Mtu anasimama, anasema Bwana amemponya, watu wanapiga makofi. Wiki mbili baadaye chakula kinamkwama kooni. Atamwambia nani? Kwa maoni yangu ushuhuda ni mkali kuliko ramli, maana ramli ilikuwa na mlango wa kurudia, ilhali hapa anayerudi kuugua anaonekana kuwa imani yake ilipungua. Ajabu ni kwamba Kanisa Katoliki lenyewe lina mpako wa wagonjwa, ambao mtu aliyepata nafuu hupewa tena akiugua upya. Wenye kuupanga utaratibu huo walijua maradhi yana tabia gani.

Marekani, daktari Fitzhugh Mullan, aliyeugua saratani mwenyewe, aliandika mwaka 1985 kuhusu misimu mitatu ya aliyenusurika. Wa kati ndio huu wetu: matibabu yameisha, hofu ya kurudi kwa ugonjwa imebaki. Mwaka uliofuata alishiriki kuanzisha muungano wa walionusurika. Ila mgonjwa wa Mullan ana hofu yake kama mtu mmoja. Tabaka kuna harambee. Ukoo umechanga, shamba pengine limekodishwa, na aliyechanga anataka kusikia kwamba fedha zimefanya kazi. Mgonjwa anajikuta ana deni la kupona, ndiyo maana wengine huumia kimyakimya badala ya kuitisha mchango wa pili.

Dawa ya hili iko kwa mwenyekiti wa harambee. Siku ileile ya kwanza, kamati itenge nauli ya kliniki za miaka inayofuata, na itangaze mbele ya wote, kabla ya sahani kupitishwa, kwamba kurudi hospitali ni sehemu ya matibabu.