Mahabusu Wawili wa Profesa Tucker

Mojawapo ya hadithi fupi zilizosimuliwa sana katika karne ya 20 haikutungwa na mwandishi wa fasihi. Ilitungwa na mwalimu wa hesabu, Albert Tucker wa Princeton, mwaka 1950. Alikuwa kwa muda katika Chuo Kikuu cha Stanford, na wanasaikolojia wa pale wakamwomba awaeleze hii nadharia ya michezo ni kitu gani. Nadhani aliwaonea huruma. Angeweza kuwajazia ubao namba; yeye akawapa polisi, watu wawili na vyumba viwili.

Wengi wenu mnaijua. Watu wawili wanatuhumiwa kosa moja na kila mmoja anahojiwa peke yake. Ukimchomea mwenzako utambi naye amenyamaza, unaondoka na zawadi, yeye anaumia. Mkichomeana wote, wote mnaumia, ila kidogo. Mkinyamaza wote, mnakwenda nyumbani. Siku hizi inasimuliwa kwa miaka ya jela: mmoja miaka 10, mwingine anaachiwa, na kadhalika. Tucker hakuweka jela. Kwake adhabu ilikuwa faini, na waliofunga midomo wote wawili waliachiwa huru kabisa. Miaka ya kifungo imeongezwa na wasimuliaji waliofuata, kama ngano inavyoongezewa chumvi kila inapohama kijiji.

Hata jina lenyewe linanikera kidogo. Kwa Kiswahili tumezoea kusema "mtanziko wa wafungwa", lakini mfungwa amekwishahukumiwa, hana tena cha kuamua. Hawa ni mahabusu. Mtanziko wao upo kwa sababu hukumu bado.

Sasa fikiri kama mmoja wao. Mwenzangu akinyamaza, mimi nikisema napata zawadi, kwa hiyo heri niseme. Mwenzangu akisema, mimi nikinyamaza naumia maradufu, kwa hiyo bado heri niseme. Afanye lolote lile, mimi nifungue mdomo. Naye chumba cha pili anapiga hesabu hiyohiyo. Wote wanasema, wote wanatozwa faini, ilhali kunyamaza tu kungewafikisha nyumbani. Hakuna aliyekosea hesabu, na ndiyo sababu hadithi hii haisahauliki. John Nash, mwanafunzi wa Tucker mwenyewe, alikuwa ameonyesha kwamba michezo ya namna hii ina walau hali moja ambamo hakuna mchezaji anayefaidika kwa kubadili uamuzi wake peke yake. Hali hiyo tunaiita msawazo wa Nash. Kuwa na msawazo si kuwa na heri. Mahabusu wetu wametulia palepale pabaya.

Lakini mchezo ulikuwepo kabla ya hadithi, na huko ndiko ninakotaka kuwapeleka. Ulibuniwa na Merrill Flood na Melvin Dresher wa taasisi ya RAND, Santa Monica, California, iliyokuwa ikifanya utafiti kwa ajili ya Jeshi la Anga la Marekani. Mwezi Januari 1950 waliwachukua wenzao wawili, mchumi Armen Alchian na mwanahesabu John Williams, wakawachezesha mara 100 kwa senti. Kila raundi, kila mmoja alichagua bila kujua mwenzake kachagua nini, kisha akaandika maoni yake pembeni.

Kwa hesabu ya yule mahabusu, wangesalitiana raundi zote 100. Walisalitiana raundi 14 tu. Raundi 60 walishirikiana wote wawili. Kwa jumla Williams alishirikiana mara 78 na Alchian mara 68.

Maoni yao yananifurahisha kuliko riwaya nyingi nilizosoma mwaka huu. Mwanzoni kabisa Alchian ana hakika mwenzake atasaliti. Williams anaandika kwamba anatumaini huyu bwana ni mwerevu. Kisha Williams anakasirika, anaadhibu, anasamehe, na mahali fulani anailinganisha kazi yake na kumfundisha mtoto kwenda chooni: inataka subira. Alchian naye ana donge lake. Malipo hayakuwa sawa. Wakishirikiana, Williams alipata senti moja na yeye nusu senti. Kwa hiyo kila alipomgeuka mwenzake hakuwa akivunja urafiki, alikuwa akidai mgawo. Williams aliona usaliti, Alchian aliona haki yake. Kwenye jedwali la namba vitu hivyo viwili vinaandikwa kwa herufi ileile moja.

Nash aliposikia, alitoa pingamizi, na kusema kweli alikuwa na hoja: hiyo si michezo 100, ni mchezo mmoja mrefu. Mtu utakayekutana naye tena humtendei kama mtu wa mara moja. Sisi waandishi wa habari tunalijua hilo bila jedwali. Ukimtaja mtu aliyekupa siri, leo utapata kichwa cha habari kizuri. Kesho simu yako haipokelewi, si na yeye wala na rafiki zake.

Na huo haukuwa mchezo wa senti tu. Wasovieti walikuwa wamelipua bomu lao la kwanza la atomiki Agosti 1949, na huko Marekani walikuwepo watu wazito, John von Neumann mwenyewe, mwasisi wa nadharia hii, akiwa mmojawapo, waliokuwa tayari kutetea kupiga kwanza kabla adui hajajizatiti. Kwa mtu wa fikra hiyo, hadithi ya vyumba viwili ilikuwa tamu mno. Vyumba havina dirisha, na hadithi inakwisha usiku uleule. Ondoa kuta, au ongeza kesho, na hesabu yote inabadilika. Tucker alihitaji kuta ili somo lieleweke. Waliosimulia baada yake walizichukulia kuta kama ndiyo dunia.

Kesho ilirudishwa rasmi miaka 30 baadaye. Robert Axelrod wa Chuo Kikuu cha Michigan aliwaalika wataalamu walete programu za kompyuta zicheze mchezo huu kwa kurudiarudia. Zililetwa 14, nyingine za hila kwelikweli. Iliyoshinda ilitumwa na Anatol Rapoport, mtu aliyekuwa mpiga piano wa maonyesho kabla hajaingia kwenye hesabu, nayo ndiyo ilikuwa fupi kuliko zote: anza kwa kushirikiana, kisha fanya alichofanya mwenzako raundi iliyopita. Basi. Axelrod akatangaza matokeo na kuitisha mashindano ya pili. Zikaja programu 62, wenyewe wakijua fika ni nani wa kupigwa. Rapoport akaleta ileile, ikashinda tena, ingawa kwa jinsi ilivyotengenezwa haiwezi kamwe kumzidi pointi mpinzani yeyote iliyekaa naye mezani.