Kundi la WhatsApp la Darasa na Nafasi Yake katika Masomo ya Chuo Kikuu

Katika vyuo vikuu nchini, kundi la WhatsApp la darasa mara nyingi huundwa na wanafunzi wenyewe mwanzoni mwa muhula, chini ya usimamizi wa kiongozi wa darasa. Humo hupita ratiba, taarifa za kubadilishwa kwa kumbi za mihadhara na nakala za masomo. Manufaa hayo ni makubwa, ingawa kupashana habari peke yake si kujifunza.

Umuhimu wa kuwafikia wanafunzi nje ya ukumbi ulidhihirika vyuo vilipofungwa Machi 2020 kutokana na ugonjwa wa UVIKO-19, hadi vilipofunguliwa tena Juni 1 mwaka huo.

Kinacholeta tofauti ni kazi wanayopewa wanafunzi. Mhadhiri anayetuma faili la kurasa 40 hupata "ahsante" nyingi, na mjadala huishia hapo. Anayewataka wanafunzi wa uchumi waandike bei ya kilo moja ya maharage katika soko lililo karibu nao, kisha waeleze kwa nini bei zinatofautiana, huingia darasani akiwa na takwimu za kufundishia. Mwanafunzi anayeona haya kuinua mkono mbele ya mamia ya wenzake huweza kuandika sentensi mbili. Aidha, ingawa mihadhara mingi hutolewa kwa Kiingereza, ndani ya kundi wanafunzi hufafanuliana dhana ngumu kwa Kiswahili, jambo ambalo mhadhiri makini hulitumia badala ya kulikataza. Hata hivyo, asiporejea majibu yao katika kipindi kinachofuata, wataacha kujibu.

Gharama nayo haina budi kuzingatiwa. Mwanafunzi ambaye kifurushi chake cha intaneti kimekwisha Ijumaa jioni hawezi kuona tangazo la jaribio la Jumatatu asubuhi, na alama anazozikosa huathiri matokeo yake ya muhula mzima. Kwa sababu hiyo, tangazo la jaribio, tarehe ya kukusanya kazi na mabadiliko ya ratiba ya mitihani hupaswa kuwekwa pia kwenye ubao wa matangazo na katika mfumo rasmi wa chuo. Maelezo ya ziada ni nafuu kupokewa kwa maandishi au kwa ujumbe mfupi wa sauti kuliko kwa video.

Vilevile, namba ya simu ni taarifa binafsi inayolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Katika kundi la kawaida kila mwanachama huiona namba ya mwenzake, hivyo ni vyema mwanafunzi aombwe ridhaa kabla ya kuunganishwa, na asiyeridhia asikose nyenzo za somo. Alama za wanafunzi hazipaswi kubandikwa humo, hata kama majina yamefutwa na kubaki namba za usajili, kwa kuwa wanadarasa hufahamiana kwa namba hizo.