Dohani Zilizovikwa Vazi la Minara

Dohani ya boila ina kazi mbili: kuvuta hewa motoni, na kuupeleka moshi juu, mbali na pua za watu. Kwa kazi hizo bomba tupu la matofali latosha. Lakini Waingereza wa karne ya 19 hawakutosheka nalo daima.

Katika kiangazi cha mwaka 1858 mto Thames ulinuka kwa uchafu wa London, hata wajumbe wa Bunge wakashindwa kuvumilia. Ndipo mhandisi Joseph Bazalgette alipopewa idhini ya kujenga mifereji mikuu chini ya ardhi. Mwaka 1868 ikafunguliwa nyumba ya pampu huko Abbey Mills, mashariki ya mji. Mitambo 8 ya mvuke iliyainua maji machafu kutoka mfereji wa chini hadi wa juu. Kando yake zilisimama dohani mbili, ndefu kupita futi 200, zilizopambwa mfano wa minara. Mtu wa pwani akiziona kwa mbali angengoja adhana.

Je, ulikuwa upuzi? Sivyo. Kazi ambayo watu huionea haya ilivikwa heshima ya jumba la mfalme.

Katika miaka ya 1930 umeme ulichukua mahali pa mvuke, dohani zikabaki pambo tu. Vita Kuu ya Pili ilipozuka, ilihofiwa kwamba bomu likiziangusha zitaiponda nyumba ya pampu. Basi zikabomolewa, nyumba ingaliko. Uzuri una haki yake, lakini siku ya hatari uhai hutangulia.