Cheti cha Uanamke

Kuanzia Olimpiki ya Mexico ya mwaka 1968 hadi ile ya majira ya baridi ya Nagano mwaka 1998, mwanamke aliyekwenda kushindana alidaiwa kitu ambacho mwanamume hakuwahi kudaiwa: ushahidi kwamba yeye ni mwanamke. Alipimwa, na akifaulu alipewa karatasi iliyokuja kujulikana kama cheti cha uanamke. Aliitunza pamoja na pasipoti, maana asiyekuwa nayo alipimwa upya. Anne, binti wa Malkia Elizabeth wa Uingereza, aliposhindana kwa farasi mjini Montreal mwaka 1976, hakupimwa. Wasiokuwa na baba wala mama wa kifalme walipanga foleni.

Historia ya cheti hicho ni historia ya vifaa. Kila kizazi cha viongozi wa michezo kilipokea kifaa kipya kutoka maabara, kikaamini kwamba safari hii swali la nani ashindane na wanawake litajibiwa na sayansi, na hakuna binadamu atakayebeba lawama ya jibu. Tukifuata kifaa kimoja baada ya kingine tutaona jinsi safari iliyoanzia Ulaya ya Vita Baridi ilivyofika Uganda, Kenya na Burundi.

Kifaa cha kwanza kilikuwa jicho. Mwaka 1966, katika mashindano ya riadha ya Ulaya mjini Budapest, wanawake walitakiwa kupita uchi mbele ya jopo la madaktari. Mwaka huohuo huko Kingston, Jamaika, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, ukaguzi ulikuwa wa mikono. Mary Peters wa Ireland Kaskazini, aliyekuja kushinda dhahabu ya Olimpiki mwaka 1972, aliandika baadaye kwamba hajawahi kudhalilishwa kama siku ile. Hofu iliyoleta yote haya ilikuwa kwamba nchi za kambi ya Kisovieti zilikuwa zikiwavalisha wanaume sketi ili zivune medali.

Malalamiko yalipozidi, viongozi wakatafuta njia yenye staha. Waliipata kwa paka. Mwaka 1949 huko Ontario, Kanada, Murray Barr na mwanafunzi wake Ewart Bertram walikuwa wakichunguza seli za neva za paka kwa hadubini, wakaona kwamba seli za majike zina nukta nyeusi ambayo madume hawana. Nukta hiyo ni kromosomu ya pili ya X iliyojikunja na kulala. Sasa ilitosha kukwangua seli kidogo ndani ya shavu na kutazama: nukta ikionekana, mwanamke, isipoonekana, kuna tatizo. Hakuna aliyevuliwa nguo. Lilionekana kuwa jambo la kiungwana.

Ila nukta haijui kukimbia. Kuna wanawake waliozaliwa na kulelewa wanawake ambao hawana nukta hiyo, na kuna wanaume wenye kromosomu XXY ambao wanayo, na kwa kipimo hicho wangefaulu. Ewa Kłobukowska wa Poland, mshindi wa dhahabu ya kupokezana vijiti Tokyo mwaka 1964, alikaguliwa kwa macho Budapest akapita. Mwaka uliofuata alipimwa kromosomu mjini Kyiv akaambiwa hafai, na rekodi zake zikafutwa. Mwili ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni kifaa.

Wakati huohuo wadanganyifu halisi walikuwa wakipita mlangoni. Ujerumani Mashariki iliwapa wasichana wake vidonge vya homoni za kiume kwa mpango wa serikali, wengine bila hata kujua wanameza nini. Montreal, mwaka 1976, waogeleaji wake wa kike walishinda dhahabu 11 kati ya 13. Cheti cha uanamke hakikumnasa hata mmoja wao, kwa kuwa nukta zao zilikuwa salama. Kipimo kilikuwa kikimtafuta mwanamume aliyejificha, na udanganyifu ulikuwa ndani ya chupa ya dawa.

Aliyekiweka kipimo hiki hadharani ni mruka viunzi wa Hispania, María José Martínez-Patiño. Mwaka 1983 alipimwa Helsinki akapewa cheti. Mwaka 1985 alikwenda Kobe, Japani, kwa michezo ya vyuo vikuu, akakisahau nyumbani. Akapimwa tena, na safari hii nukta haikuonekana. Alishauriwa ajifanye ameumia, akakaa jukwaani akiwatazama wenzake wakikimbia. Baadaye ilibainika kwamba ana kromosomu XY, lakini mwili wake hauisikii kabisa testosteroni. Homoni ambayo watu walihofu inampa nguvu ilikuwa ikipita kwake kama maji juu ya jani la mgomba. Januari 1986 aliambiwa ajiondoe kimyakimya. Alikataa, akakimbia, akashinda, na siri yake ikavuja kwenye magazeti. Alipoteza ufadhili wa masomo, makazi, rekodi na mchumba. Akisaidiwa na wanasayansi, miongoni mwao Albert de la Chapelle wa Finland, alipigania haki yake hadi aliporudishwa mwaka 1988. Kufikia hapo miaka yake mizuri ilikuwa imepita.

Mwaka 1990 watafiti mjini London waligundua jeni ya SRY, ile inayoanzisha ukuaji wa korodani tumboni mwa mama, na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikaipokea kama kifaa cha tatu. Atlanta, mwaka 1996, walipimwa wanawake 3,387. Wanane walikutwa na jeni hiyo. Baada ya uchunguzi, wote wanane waliruhusiwa kushindana. Miaka mitatu baadaye kamati iliacha upimaji wa wote, na Sydney 2000 ikapita bila cheti.

Hadithi ingeweza kuishia hapo, lakini badala ya kupimwa wote, sasa alipimwa anayeshukiwa. Na shaka ina macho yake: humwona kwanza asiyefanana na picha ya mwanamke iliyo kichwani mwa mtazamaji. Berlin, Agosti 2009, Caster Semenya wa Afrika Kusini, mwenye umri wa miaka 18, alishinda mita 800 kwa 1:55.45, zaidi ya sekunde mbili mbele ya Mkenya Janeth Jepkosgei. Kabla fainali haijaanza, dunia ilikuwa imeshaambiwa kwamba jinsi yake inachunguzwa.

Mwaka 2011 kikaja kifaa cha nne, kiwango cha testosteroni katika damu: kwanza nanomoli 10 kwa lita, kisha 5 kwa mbio za kati, na mwaka 2023 kikawa 2.5 kwa mashindano yote. Kifaa hiki hakikumwambia mtu "toka" tu. Kilimwambia "jibadilishe": meza dawa, choma sindano, au fanyiwa upasuaji. Mwaka 2013 madaktari wa Ufaransa walichapisha taarifa ya wanariadha wanne wa miaka 18 hadi 21, kutoka vijijini na milimani katika nchi zinazoendelea. Walitolewa tezi za ndani na kupunguzwa kinembe. Madaktari haohao waliandika kwamba kuziacha tezi hizo hakukuwa na hatari kwa afya.

Mganda Annet Negesa, mshindi wa dhahabu katika Michezo ya Afrika ya mwaka 2011, aliondolewa safari ya London mwaka 2012 na kufanyiwa upasuaji mwaka huohuo. Alipojitokeza kusimulia mwaka 2019, alisema alidhani anakwenda kwa tiba ndogo, akazinduka na makovu tumboni. Shirikisho la riadha duniani limekana kuhusika na uamuzi huo. Negesa hakurudia kasi yake, na alipata hifadhi Ujerumani.

Lazima hoja ya upande wa pili isemwe kwa haki yake. Mbio za wanawake zipo kwa sababu balehe ya kiume humpa mkimbiaji faida ya takriban asilimia 10 hadi 12. Bila mpaka, fainali za wanawake zingekwisha. Na baadhi ya wanaobishaniwa leo si kama Martínez-Patiño, kwani miili yao inaisikia testosteroni. Rio, mwaka 2016, medali za mita 800 zilikwenda kwa Semenya, Francine Niyonsaba wa Burundi na Mkenya Margaret Wambui. Wa nne, Melissa Bishop wa Kanada, alikosa shaba kwa sekunde 0.13. Naye alijinyima miaka mingi ili afike pale. Anayesema suala hili ni rahisi hajamfikiria mmoja wa wanawake hawa wanne.

Lakini ugumu huo ndio sababu ya kutowaachia mashine uamuzi. Mwaka 2019 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, kwa kura mbili dhidi ya moja, ilisema kanuni zinabagua, ila ubaguzi huo ni wa lazima. Mwaka 2021 watafiti wa shirikisho wenyewe walisahihisha utafiti wao wa mwaka 2017, wakikiri kwamba haukuthibitisha kuwa testosteroni ndiyo chanzo cha tofauti walizoziona. Wambui aliacha mbio. Niyonsaba alihamia masafa marefu, akaweka rekodi ya dunia ya mita 2000 Septemba 2021, kisha kanuni ya 2023 ikamfuata huko alikohamia.

Septemba 2025 tulirudi kwenye jeni ya SRY. Kila mwanamke anayetaka kushindana kimataifa katika riadha hupimwa mara moja maishani, kwa kijiti cha pamba shavuni au kwa damu. Andrew Sinclair, mmoja wa walioigundua jeni hiyo, aliandika kupinga matumizi haya: kuwepo kwa jeni hakusemi kama inafanya kazi, wala kama mwili unaitikia homoni. Wanariadha wa Ufaransa ilibidi wapimwe nje ya nchi, kwa kuwa sheria ya kwao hairuhusu kupima jeni kwa sababu kama hiyo. Msichana wa huku kwetu hana kizuizi kama hicho cha kumkinga.

Na bado tuna urithi wetu wa kufikiri. Kiswahili kina neno la zamani, huntha, lililotoka Kiarabu, na wanazuoni wa mirathi walikuwa na mlango mzima wa kujadili fungu lake. Walijua kwamba kuna miili isiyoingia katika safu mbili, na kwamba kugawa ni kazi ya watu wanaowajibika kwa mgawo wao. Mwaka 2019 Kenya iliwahesabu watu hawa katika sensa, ikapata 1,524, na sheria yake ya watoto ya mwaka 2022 inamtambua mtoto wa namna hiyo. Hesabu ile ilifanywa ili wapate ulinzi.

Kama michezo lazima iwe na mpaka, basi anayeuchora auite uamuzi wake, aweke jina lake chini yake, na alipe gharama zake. Leo binti anaweza kujua jambo kubwa kuliko yote kuhusu mwili wake kwa sababu tu anakimbia haraka. Nani atakuwa chumbani atakapoambiwa? Ni daktari wake, au daktari wa shirikisho? Nani atatunza siri yake kijijini, atakaporudi mapema bila medali na majirani wakaanza kuuliza? Na akiambiwa kuwa upasuaji utamrudisha uwanjani, nani atamweleza, kwa lugha anayoielewa, kwamba yeye si mgonjwa?