Cooper Union: chuo kilichosomesha bure, kisha kikadai ada

Watalii wanaolitazama Jengo la Chrysler pale Manhattan huonyeshwa kilele chake cha chuma kinachometameta, lakini mwenye kiwanja hatajwi. Kiwanja hicho ni mali ya chuo cha ufundi chenye wanafunzi wasiofika elfu moja, The Cooper Union. Kwa miongo mingi pango lake limesaidia kusomesha wahandisi, wasanifu majengo na wachoraji ambao hawakulipa ada hata senti moja. Na kiwanja hichohicho ndicho kilichowekwa rehani wakati wadhamini walipotaka mkopo.

Mwanzilishi wa chuo, Peter Cooper, alizaliwa New York mwaka 1791, na darasani hakukaa hata mwaka mmoja kamili. Alitajirika kwa kutengeneza gundi, akaongeza viwanda vya chuma, na mwaka 1830 akaunda garimoshi dogo lililoitwa Tom Thumb, miongoni mwa ya kwanza kutengenezwa Marekani. Pengo la elimu lilimuuma maisha yake yote. Aliposikia habari za chuo cha ufundi cha Paris ambako vijana maskini walisoma bure, aliamua kujenga cha kwake. Ujenzi ulianza mwaka 1853. Katikati ya jengo aliacha nafasi ya mviringo kwa ajili ya lifti, wakati lifti salama ya abiria ilikuwa bado haijaanza kutumika. Aliamini tu kwamba itakuja. Milango ilifunguliwa mwaka 1859.

Mtu wa Lamu au Mombasa anayejua wakfu angeelewa upesi alichokifanya mzee huyu. Chini ya jengo aliweka maduka ya kupangisha, na kodi yake ikawa ya kuendeshea madarasa ya juu. Mali ikakabidhiwa kwa wadhamini.

Wanafunzi wa mwanzo hawakufanana na wa vyuo vingine vya wakati ule. Wengi walikuwa vibarua na mafundi waliotoka kazini jioni, wakaja kusoma hesabu, kemia na uchoraji wa kiufundi usiku. Chumba cha magazeti na vitabu kilikaa wazi hadi saa nne usiku ili na wao wakifikie. Wanawake walikuwamo tangu siku za kwanza, katika shule ya usanifu iliyoanzishwa kwa ajili yao, na mwaka 1869 yakaongezwa mafunzo ya simu ya maandishi yaliyowapa ajira mjini. Dini na rangi havikuwa sharti la kuingia. Tukumbuke kwamba mwaka 1859 utumwa ulikuwa bado halali kusini mwa nchi hiyo, na Abraham Lincoln alikuja kuzungumzia kuenea kwake katika ukumbi wa chuo hikihiki Februari 1860.

Si kila mtu alisoma bure siku hizo. Mabinti wa familia zenye uwezo waliosoma sanaa mchana walilipa kidogo, ilhali mfanyakazi hakulipa. Mwanzoni mwa karne ya 20, fedha za Andrew Carnegie na za ukoo wa Cooper na Hewitt ziliwezesha ada kuondolewa kwa wote. Ukoo huo pia ulikipa chuo kiwanja ambacho Jengo la Chrysler lilisimama juu yake kuanzia mwaka 1930. Mpango wa hapo ni wa aina yake: kiasi ambacho kingelipwa serikalini kama kodi ya majengo huingia kwenye mfuko wa chuo.

Hata hivyo, bure ilikuwa ada tu. Chumba, chakula na nauli za New York vilimhusu mwanafunzi mwenyewe, na mtoto wa mbali aliyefaulu bado alihitaji mtu wa kumshika mkono. Kuingia kwenyewe kulikuwa kugumu: katika miaka ya mwisho ya elimu bila ada, kati ya waombaji 100 hawakupata nafasi hata 10.

Mwaka 2006 wadhamini walikopa dola milioni 175, dhamana ikiwa ardhi ya Chrysler. Jengo jipya la kifahari lilifunguliwa mwaka 2009, mara baada ya masoko ya fedha kuporomoka. Muda si mrefu ikadhihirika kuwa chuo kilikuwa na upungufu wa takriban dola milioni 12 kila mwaka. Aprili 2013 ikatangazwa kwamba watakaoingia mwaka 2014 watalipa hadi nusu ya ada, karibu dola 20,000 kwa mwaka. Wasiojiweza kabisa waliahidiwa msaada zaidi, kwa hiyo mzigo mkubwa uliwaangukia wa katikati: watoto wa walimu, wauguzi na wenye maduka madogo.

Wanafunzi waliikalia ofisi ya mkuu wa chuo kwa siku 65. Walimu, wahitimu na wanafunzi walikwenda mahakamani, na Mwanasheria Mkuu wa jimbo akachunguza hesabu. Mapatano ya mwaka 2015 yalileta msimamizi huru wa fedha, yakawapa wanafunzi na wahitimu nafasi kwenye bodi, na yakaunda kamati ya kutafuta njia ya kurudi kwenye elimu bila ada. Naamini walikuwa na haki ya kugoma. Chuo hakikuelemewa na wingi wa wanafunzi. Kilielemewa na deni ambalo wao hawakulikopa.

Mwaka 2018 bodi ilipitisha mpango wa miaka 10 wa kurudisha ufadhili wa ada nzima kwa wanafunzi wote wa shahada ya kwanza. Mwaka 2024, kwa michango ya wahitimu, chuo kilitangaza kwamba kwa miaka minne mfululizo wanafunzi watakaokuwa mwaka wa mwisho hawatalipa ada ya mwaka huo. Tarehe iliyowekwa kwa waliobaki ni mwaka wa masomo wa 2028/29, na safari hii wahitimu na wanafunzi wamo ndani ya bodi kuzikagua hesabu.