Mtutu, Kitako na Sheria: Bastola ya Contender nchini Marekani, 1967–1992

Bastola ya Contender, iliyobuniwa na Warren Center na kuuzwa kuanzia mwaka 1967 na kampuni ya Thompson/Center ya Rochester, New Hampshire, ilipakiwa risasi moja tu. Mtutu wake uliinama kwenye bawaba. Mwindaji aliyeondoa pini ya bawaba hiyo aliweza kufunga mtutu wa risasi ya aina nyingine katika kiunzi kilekile. Kwa wakusanyaji, basi, kilichokusanywa hasa kilikuwa mitutu.

Sifa hiyohiyo ndiyo iliyozua mgogoro. Kampuni iliuza pia seti yenye kitako cha bunduki na mtutu wa inchi 21. Kitako hicho kikiunganishwa na mtutu wa bastola wa inchi 10, ilipatikana bunduki fupi, ambayo Sheria ya Taifa ya Silaha ya mwaka 1934 iliitoza kodi ya dola 200. Serikali ilishikilia kuwa uwezekano huo pekee ulitosha. Dai zito, kwani lilitoza kodi bunduki ambayo haikuwa imeundwa. Kampuni ililipa kodi kwa silaha moja, kisha ikashtaki irejeshewe. Mwaka 1992 Mahakama ya Juu ya Marekani iliipa ushindi kwa majaji watano dhidi ya wanne. Jaji Souter alieleza kuwa sheria hiyo, ingawa ya kodi, ilibeba adhabu za jinai, hivyo utata wake ulipaswa kumnufaisha mlipakodi.